Siku Niliyojifungia Ndani ya Kabati la Kanisa

Aibu nyingine humkuta mtu njiani tu, anateleza kwenye tope, watu wanacheka, anajipangusa, yameisha. Yangu haikunikuta. Yangu niliitengeneza mwenyewe kwa siku tisa, nikaichomelea, nikaipaka rangi nyeusi, nikaipakia kwenye pikapu na kuipeleka hadi uwanja wa kanisa letu Kamwokya, halafu nikaingia ndani yake kwa miguu yangu miwili na kusema, "Fungeni."

Mimi naitwa Safari, mtu wa Bukavu, ila kwa miaka kumi na mitatu sasa nimekuwa mtu wa Katwe, hapa Kampala, nachomelea milango, madirisha na vitanda vya chuma pamoja na mwenzangu Okello, mzee wa kaskazini aliyestaafu jeshini. Kiswahili cha Okello ni cha kambini, ni amri tupu, hata akikuomba chumvi mezani unajikuta umesimama wima. Lakini ni mtu mnyoofu kuliko rula (hilo lishikeni, maana ndilo lililoniuma baadaye kuliko kitu kingine chochote).

Sasa, kanisa letu la Wakongo lilikuwa limeibiwa vyombo vya muziki mara mbili katika mwaka mmoja, na Mchungaji Byamungu akaja karakana kwetu akiwa amechoka kabisa, akasema anataka kabati la chuma, refu kama friji, la kufungia spika na vipaza sauti, na kwamba likiwa zuri wapo wachungaji wenzake wanne ambao nao wameibiwa, atawaita Jumapili waje walione baada ya ibada. Makabati manne mengine! Na sisi tulikuwa hatujapata kazi ya maana kwa majuma mengi, tulikuwa tunaishi kwa kuziba masufuria na kunyoosha pedeli za baiskeli. Nikamwambia Mchungaji, chuma nene pande zote, geji kumi na nne, mwizi atazeeka mlangoni. (Kwa wasiojua, mabati haya yanahesabiwa kinyume, namba ikiwa ndogo chuma ni nene, namba ikipanda chuma inakuwa nyembamba.)

Kama ningeishia hapo ningekuwa na heshima yangu hadi leo. Lakini nilikuwa na kitabu.

Kitabu nilikipata Nakivubo, kwenye turubai la vitabu vya mtumba, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo aliyekiandika simjui na yeye bahati yake hanijui. Kilikuwa kinaeleza matangazo ya biashara yaliyopata sifa duniani tangu zamani za mababu. Nilikisoma polepole, nikitafuta maneno kwenye simu, na kila jioni nilimsimulia Okello wakati tunafunga kazi. Kulikuwa na fundi mmoja aliyetengeneza breki ya lifti wakati watu wanaogopa lifti kama kaburi, basi akapanda juu yake mbele ya umati, akainuliwa huko juu, akaamuru kamba ikatwe, kamba ikakatwa, lifti ikashuka kidogo ikashika, watu wakapiga makofi, jamaa akauza lifti. Kulikuwa na daraja jipya ambalo watu walikataa kulivuka, mwenye sarakasi mmoja akapitisha tembo ishirini na moja juu yake, daraja likakubalika na sarakasi ikajaa watazamaji. (Sasa mimi tembo Kamwokya nitawatoa wapi? Na nikiwapata nitawalisha nini?) Na kulikuwa na hadithi iliyonikosesha usingizi, ya fundi wa vitasa wa London aliyekiweka kitasa chake dirishani na tangazo kwamba atakayekifungua bila ufunguo atapewa zawadi, na kitasa kikakaa miaka na miaka, watu wanajaribu wanashindwa, hadi alipokuja mgeni mmoja akahangaika nacho majuma mawili na zaidi ndipo kikafunguka. Ile miaka niliisoma mara tatu. Yule mgeni nilimpita haraka.

"Afande," nikamwambia Okello, "na sisi tufanye hivyo Jumapili. Tuwaite watu wajaribu kufungua. Na ndani tuweke kitu chenye uhai, waone tunajiamini."

Okello akafikiri, akasema, "Weka jogoo. Jogoo nalia ndani, watu nasikia."

Tukamjaribu jogoo wa jirani siku ya Ijumaa. Ndege yule alipofungiwa gizani alinyamaza kama maiti, tukangoja, tukagonga, hakuna sauti, tukafungua tukamkuta amelala. Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia akili, nikasema, "Nitaingia mimi mwenyewe. Na kipaza sauti. Nitawahutubia kutoka ndani."

Mke wangu aliposikia aliweka mwiko chini. "Papa Gentil," akasema (ndivyo anavyoniita, kwa jina la mtoto wetu), "kabati ni la spika. Wewe ni spika?"

Nikamweleza habari za yule mtu wa lifti. Akaniuliza kama yule mtu wa lifti alikuwa na mke. Sikujua, kitabu hakikusema.

Jumapili ikafika. Ibada ikaisha kama saa sita, jua la Kampala lile linalopiga utosini kama deni, watu wote wakatoka uwanjani wakasimama kuzunguka kabati letu jeusi linalong'aa (rangi nilikuwa nimeipaka juzi yake na mkono wa pili jana yake, bado inanuka), wachungaji wanne wamepewa viti mbele, na wapita njia nao wakaanza kuingia getini kuona kuna nini. Spika mbili za kanisa zilikuwa nje, kwenye ngazi. Kipaza sauti kilikuwa cha waya, na waya wake tuliupitisha kwenye tundu dogo tuliloliacha chini pembeni kwa ajili ya nyaya za umeme, tundu la upana wa kifundo cha mkono.

Nikaingia, nikachuchumaa, Okello akafunga, nikasikia kitasa kikilia mara mbili. Giza. Nikawasha kipaza sauti nikaanza kuhubiri chuma, nikawapa mtu wa lifti, nikawapa tembo, nikasikia wanacheka, nikajisikia mtu mkubwa sana. Nikamaliza kwa kusema, "Yeyote mwenye mikono, aje! Akilifungua ndani ya dakika kumi, kabati ni lake!" Nikazima kipaza sauti, nikakaa kungoja sifa.

Walijaribu wawili watatu, nikasikia mikwaruzo, vicheko, wakaondoka. Kisha akaja fundi funguo wa pale Kamwokya, mtu mnene mwenye kibanda karibu na soko, ambaye kwake lile halikuwa tangazo, lilikuwa ni jina lake limetukanwa mbele ya wateja wake. Nikamsikia akihema. Nikasikia chuma chembamba kinaingia kwenye tundu la ufunguo, kinazungushwa, kinabanwa, kinalazimishwa, na halafu nikasikia *tak*.

"Banange," akasema yule fundi taratibu. Ni "jamani" ya Waganda, na nyote mnaojua Kampala mnajua likisemwa taratibu hivyo kuna kilichoharibika.

Okello akauliza, "Nini?"

"Imevunjikia ndani, mzee."

Nikasikia ufunguo wetu unajaribiwa, unaingia nusu, unagoma. Unatolewa, unapulizwa, unarudishwa, unagoma. Okello akagonga bati kwa kidole. "Safari. Wewe nasikia mimi?"

"Nakusikia, Afande."

"Kitasa imekufa. Kaa bila wasiwasi."

Ukiambiwa na mwanajeshi ukae bila wasiwasi, hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Nikasema haina shida, leteni grainda mkate kitasa, ni dakika mbili. Grainda ilikuwa Katwe. Karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Ufunguo wa kufuli ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu, na suruali ilikuwa na mimi. Nikaupitisha kwenye lile tundu la chini, nikaona vidole vya Okello vinaupokea, nikasikia anamwambia fundi funguo, "Wewe naharibu, wewe naleta. Panda boda. Kimbia!"

Basi tukangoja. Sijui kama kuna kati yenu aliyewahi kukaa ndani ya chuma nyeusi iliyoanikwa juani. Dakika tano za kwanza niliona ni joto. Baadaye kabati likageuka sufuria na mimi ndiye maharage. Ukuta wa kushoto haukugusika. Rangi mbichi ikaanza kutoa mvuke, macho yakaniwasha, koo likakauka, nikavua shati. Halafu nikavua viatu. Halafu, Mungu anisamehe, nikajikunjakunja mle ndani kama chatu na kuvua suruali, nikabaki na chupi, nikajiambia hakuna anayeniona, na grainda ikifika nitavaa kwanza. Nikajikunja sakafuni kwa ubavu, pua kwenye tundu, nikawa navuta hewa ya nje pamoja na vumbi la viatu vya waumini.

Nje nilisikia kwaya imeanza kuimba ili kutuliza watu. Nia ilikuwa njema. Lakini wimbo waliouchagua, nami naujua vizuri, ni ule tunaouimba tukitoka makaburini. Nikasikia sauti ya mke wangu katikati yake inapanda, inatetemeka, inakatika.

"Afande, grainda iko wapi?"

"Napiga simu. Boda imepata pancha Wandegeya. Anatafuta ingine."

"Muda gani?"

Nikamsikia anawaambia watu wamwage maji juu ya kabati, maji yakamwagwa, ndoo mbili tatu, yakachemka juu ya bati nikapata mvuke zaidi. Nikaanza kuona nyota za kijani gizani. Mikono ikafa ganzi. Moyo ulikuwa unadunda masikioni, na ghafla nikaelewa, bila utani wowote, kwamba yule mtu wa lifti alipima breki yake mara mia kabla ya kukata kamba, na mimi nilimpima jogoo.

Sasa hapa lazima niwaambie jambo nililokuwa nimelificha kwa siku kadhaa. Mgongo wa kabati haukuwa geji kumi na nne. Nilipofika kukata upande wa nyuma, chuma nene ilikuwa imepungukiwa, na Okello siku hiyo alikuwa ameenda hospitali kumwona dada yake, na pale kona kulikuwa na bati langu la geji ishirini na mbili, jembamba, lile tunalotengenezea majiko ya mkaa. Nikajiambia kabati litaegemea ukuta, nani atauangalia mgongo? Nikalichomelea, nikalipaka rangi mikono miwili, likafanana na mengine. Kazi ilipoisha Okello alipiga mlango ngumi akasema, "Hii ni kazi." Nikaosha brashi.

Kwa hiyo nikiwa nimejikunja pale na pua kwenye tundu, nilikuwa najua kitu ambacho mtu mwingine yeyote uwanjani hakukijua: kwamba kutoka nilipo hadi nje hakuhitaji grainda. Mtu mwenye tindo na nyundo angenitoa upesi. Nikisema, nimepona, na makabati manne yamekufa, na jina la Okello pamoja nayo. Nikinyamaza, labda boda itafika. Nikanyamaza. Nawaapia nilinyamaza, kwa muda ambao hata leo sipendi kuufikiria, nikihesabu pumzi, nikijadiliana na chuma, hadi mguu wa kulia ulipoanza kurukaruka wenyewe na nikasikia Mchungaji anauliza kwa sauti ya chini, "Bado anajibu?"

Nikaweka mdomo kwenye tundu. "Afande. Sogea. Sogea karibu, wewe peke yako."

"Mimi iko hapa."

"Mgongo," nikanong'ona. "Mgongo ni bati la majiko. Geji ishirini na mbili. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya Mchungaji. Tafuta tindo, piga nyuma, tafadhali, nakufa. Na usimwambie mtu."

Nilisikia sauti yangu inanirudia kubwa ajabu, nikadhani ni bati linavuma. Nikaongeza, "Hasa wale wachungaji wanne, wasijue." Na sauti ikanirudia tena, nene, ikigonga nyumba za jirani: *wasijue, wasijue.*

Kwaya ikakoma.

Pale niliponyamaza nikawa najinyonganyonga, nadhani goti ndilo lililosukuma kile kibonyezo cha kipaza sauti. Kilikuwa kimewaka muda wote huo, kimelala kifuani kwangu. Walikuwa wamesikia ninavyohema, walikuwa wamesikia sala zangu, na sasa walikuwa wamesikia geji.

Nilisikia viatu vya Okello vinaondoka, na nikadhani ameniacha, na sikuona kosa lake. Kisha nikasikia anauliza watu, kwa ile sauti ya gwaride, "Nani iko na tindo? Nyundo! Haraka!" Mama mmoja muuza mkaa ng'ambo ya barabara alikuwa na nyundo, na kijana wa gereji akaleta patasi ya chuma. Wanaume wakashika kabati, wakalilaza kifudifudi, nami nikaviringika ndani nikaangukia mlango kwa uso, mgongo wangu sasa ukielekea mgongo wa kabati, katikati yetu hakuna kitu ila giza la shubiri mbili.

"Kichwa iko wapi?" Okello akauliza.

"Upande wa kanisa!"

"Jikunje. Usitikisike."

Pigo la kwanza lilinitoa machozi. La pili likatoboa, nikaona jicho la mwanga, na kupitia jicho hilo ncha ya patasi ikaingia hadi karibu na bega. Akaitoa, akaisogeza, akapiga. Chuma ikalia, ikapasuka mstari, kama kopo la samaki. Patasi ikanichana ngozi mara moja, nikapiga kelele, akasimama, akauliza, "Uko mzima?" nikasema ndiyo, akaendelea. Kisha mikono, sijui ya nani, mingi, ikakunja bati nyuma, na jua lote la Kamwokya likaniangukia mgongoni.

Walinivuta nje nikiwa na chupi ya kijani, jasho linatiririka, upande mzima wa kushoto umenata rangi nyeusi, mbele ya kanisa, mbele ya wachungaji wanne kwenye viti, mbele ya watu wa soko na simu zao zilizoinuliwa. Hakuna aliyecheka mwanzoni, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mke wangu akaja mbio akinifunika kwa kitenge chake cha kwaya, akanikumbatia hivyo hivyo na rangi yangu, akalia, halafu akaninong'oneza, "Umenificha vingine, au ni kabati tu?" Nikamwambia ni kabati tu, Mama Gentil. Akasema tutaongea nyumbani. Tuliongea.

Mchungaji Byamungu aliniletea maji mwenyewe. Akasubiri ninywe yote. Akasema, "Ndugu Safari, namshukuru Mungu kwa lile bati jembamba, maana lingekuwa nene tungekuzika." Kisha akaangalia kabati lililopasuka na kusema, "Lakini ukae ukijua, mwizi naye angeshukuru." Wale wanne walishaondoka. Kicheko kilianza getini wakati napandishwa kwenye boda, kikanifuata hadi barabara kubwa, na fundi funguo tukapishana naye njiani, amekaa nyuma ya boda ya pili, amekumbatia grainda yetu kama mtoto mchanga.

Okello hakuja kazini Jumatatu. Jumanne hakuja. Nilipiga simu haikupokelewa. Jumatano nilikwenda kwake, nikasimama mlangoni, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba nilimharibia jina lake bila yeye kujua. Akasema, "Siku ile wewe naongea na mimi kwa tundu, mimi nafikiri wewe nakufa. Mimi naogopa sana. Halafu nasikia ile maneno, sasa mimi nakasirika, lakini bado naogopa. Vitu mbili pamoja. Hiyo ni mbaya sana kwa mzee." Akavaa viatu.

Tuling'oa lile bati lote tukaweka mgongo mpya, geji kumi na nne, bila tangazo, na Mchungaji alikuja na kijiti akapiga pande zote nne akisikiliza mlio, mimi nimesimama pembeni naangalia chini. Kabati liko kanisani hadi leo. Makabati manne yalikwenda kwa fundi mwingine. Ile video imefika hadi Bukavu, mama yangu aliiona kabla sijamwambia, akanipigia kuniuliza kwa nini nimekonda.

Matangazo nimeacha, hata kibao cha jina hatuna. Mteja akija akiniuliza kama chuma yangu ni nene, nampa nyundo apige mwenyewe mahali anapotaka. Na Okello, kila chuma inayoingia karakana sasa huipima kwa mkono wake na kuitia alama ya chaki kabla mimi sijaigusa, kisha jioni anazunguka tena kuangalia alama zake. Hanifichi anapofanya hivyo. Nami sijawahi kumwambia aache.